Begi Alilolichukua Mtani

Picha za Trevor ndizo zilizotuponza. Trevor ni mtoto wa kaka yake Julia, yuko Ayalandi anasoma, na mwezi wa tano mwaka huu alimtumia shangazi yake picha kwenye simu: yeye na wenzake, mabegi mgongoni, wamesimama juu ya genge refu, chini bahari, mvua inawanyeshea na wao wanacheka. Picha nyingine wamelala kwenye vitanda vya dabo deka katika hosteli ya wasafiri, soksi zimeanikwa mpaka dirishani. Nyingine wako baa, mzee mmoja mwenye mashavu mekundu anawapigia fidla. Julia alituonyesha picha hizo nyumbani kwa Faidha, Masasi, tukiwa uani tunachambua mchele wa shughuli ya jirani.

"Hebu niambieni," alisema Julia, "hawa wana nini ambacho sisi hatuna? Genge lipo Newala, Shimo la Mungu. Gesti zipo. Baa ndiyo usiseme."

"Mvua," alijibu Faidha. "Lakini hiyo nitawamwagia kwa ndoo njiani."

Mimi nilisema haiwezekani. Sote watatu tumeshapita hamsini, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi za kanisa, na sijapata kuona mwanamke wa Lulindi akibeba begi mgongoni kwenda mahali ambako hakuna msiba wala harusi. Watu watauliza mnakwenda wapi, tutawajibu nini? Tunakwenda kutazama? Wenzangu walicheka, na nilipoona wanacheka nikajua safari ipo, maana tangu sekondari, tulipokuwa tukilala bweni moja, wale wawili wakikubaliana mimi huwa nimeshashindwa.

Niseme mapema jambo ambalo mimi na Julia hatukulijua siku ile, wala siku tulipoondoka. Faidha alikuwa na kisukari cha kujidunga. Kila asubuhi na kila jioni alijichoma sindano ya insulini tumboni, kwa siri, mlango umefungwa, na bila sindano hizo hamalizi siku mbili. Ndani ya begi lake dogo la mgongoni kulikuwa na chupa ya chai ya mdomo mpana, na ndani ya chupa ile hakukuwa na chai. Kulikuwa na maji ya baridi, na ndani ya maji vichupa vya dawa vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sisi tulidhani ni uchoyo tu, kwa sababu kila tukimwomba chai alisema imekwisha.

Faidha ni Myao wa Masasi, wa zile familia za Waislamu wa biashara walioko pale tangu enzi za babu zao. Mumewe alishafariki, mwanawe Nurdini ni dereva wa lori Mtwara, na yeye anakaanga vitumbua karibu na stendi tangu sote tulipokuwa na viuno. Ukipita pale alfajiri utasikia sauti yake kabla ya kunusa mafuta. Lakini kilichomfanya ajulikane kuanzia Masasi mpaka Tandahimba si vitumbua, ni utani. Wayao, sisi Wamakua, na Wamakonde wa kule juu ni watani, na mtani kwetu ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na huruhusiwi kununa. Utakikomboa kwa jogoo au kwa soda, naye atakirudisha akiwa amekitia mawe ndani. Msibani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa wapate kumeza ugali.

Baba yangu alipofariki, Faidha alivaa koti lake na miwani yake, akashika mkongojo, akapita katikati ya waombolezaji akiulizia ugoro wake kwa sauti ya baba kabisa. Mama yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni, alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaomba chakula. Mimi sikucheka. Sijui kutania, nimezaliwa na uso wa kusoma matangazo kanisani, na ingawa Faidha ni mtani wangu wa halali, tangu tujuane sijawahi kumchukulia hata kijiko. Lakini siku ile ya baba sitaisahau.

Basi tukaondoka mwezi wa saba, baridi imekolea. Tulianza kwa kupanda jabali mojawapo pale Masasi. Julia alitaka tupige picha tumesimama ukingoni kama Trevor, mimi nikawa nimewashika wote wawili nguo kwa nyuma, kwa hiyo katika picha zile naonekana mikono tu. Usiku tukalala hosteli ya kanisa Lulindi, niliyoiomba mimi, tukaanika soksi dirishani. Kesho yake tukaanza kuupanda mlima kwenda Newala kwa njia ya miguu.

Njia nzima watu walitupa pole. Wanawake watatu, mabegi mgongoni, asubuhi ya katikati ya wiki, si msiba huo? "Poleni mama zangu, nani amefariki?" Julia alijaribu kueleza habari za Ayalandi, mwisho akachoka, akawa anajibu tu, "Tumeshapoa, asanteni." Faidha yeye aliwaambia anayekwenda kuzikwa ni mimi, ndiyo maana natembea polepole.

Mimi roho haikutulia tangu Lulindi. Nilikuwa nahesabu vichwa kana kwamba nimechukua watoto wa shule ya Jumapili kwenda matembezi. Niliona Faidha alivyojitenga jana yake jua likikaribia kuzama, na begi lake begani, anasema anawahi magharibi. Nikasema moyoni, huyu amekuwa mcha Mungu tangu lini? Niliona amekonda shingoni. Niliona njiani alipewa muwa na kijana wa kijiji, akaukataa, Faidha huyo ambaye shuleni aliwahi kutoroka bweni kwa ajili ya muwa. Nilipomuuliza aliniambia, "Yuster, ukiendelea kunitazama hivyo watu watadhani umenioa." Lakini wasiwasi haukunitoka.

Mchana tulifika juu, kwenye kijiji kimoja kabla ya Newala mjini. Kuna baa pale ya mama mmoja aitwaye Regina, mbele meza za plastiki na redio, nyuma vyumba vya wageni. Julia akafurahi, akaagiza bia ya moto kwa sababu friji ilikuwa haina umeme. Regina akatukaribisha vizuri, akatupa kila mmoja jagi lake la maji ya kunywa na ndoo moja ya kuoga sisi sote, akatuambia bila kuficha, "Mama zangu, maji huku ni ya kubembeleza. Yakiisha mpaka gari lije, na gari lenyewe hatujui lini."

Hapo ndipo alipoingia Uwesu. Ni Mmakonde wa kijiji cha jirani, mkulima wa korosho, ana pikipiki na ana mdomo. Alimwona Faidha akasimama mlangoni kama aliyeona deni lake limekuja kwa miguu.

"Si ntani wangu huyu?" alisema. "Huyu si ndiye aliyeninyang'anya kofia kwenye msiba wa mjomba?"

Kisa hicho wote walikijua, na Regina akasimuliwa upya. Miaka ya nyuma Faidha alipanda huku kuzika, akamvua Uwesu kofia mbele ya masheikh, akaivaa yeye. Uwesu alipoifuata, Faidha akajitupa chini katikati ya njia ya makaburini, macho juu, akapiga kelele kwamba anakufa, dawa yake ni soda baridi na paja la kuku. Watu walishtuka, wanawake wakaanza kulia upya, mpaka soda ilipoletwa akafumbua jicho moja. Wakati huo alikuwa mzima kabisa, hakuwa na sukari wala nini. Uwesu alitembea kichwa wazi mpaka alipotoa jogoo.

Tulicheka sana pale baa, hata mimi nilitabasamu. Tukiwa bado tunacheka, Uwesu akanyanyua begi la Faidha lililokuwa kwenye kiti, akalivaa, akatoka nalo mbio mpaka kwenye pikipiki.

Faidha akainuka. "Uwesu! Rudisha, lina dawa zangu! Nitakufa!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Julia alipiga meza. Regina alifuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema huyu mama habadiliki. Na Uwesu, tayari ameshawasha pikipiki, akapaza sauti, "Ukifa ntani, kaburi nachimba mimi! Andaa jogoo!" Akaondoka na vumbi lake.

Nilimwona Faidha alivyosimama. Mkono wake ulikuwa umebaki hewani, haujashuka. Kisha akautazama uso wangu, akaona namtazama, akaushusha akacheka. Akakaa. Akasema, "Amenipata. Ataleta jioni."

Ni kweli, mtani hurudisha siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyo, na Faidha aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Jua likashuka, akawa anageuza shingo kila pikipiki inapolia barabarani. Magharibi ikaadhiniwa, hakwenda kokote kujitenga. Akamwomba Regina ampigie simu Uwesu, lakini kwa kucheka, kwa sauti ya kwamba jogoo hapatikani labda atakubali bata. Simu haikupatikana, kijiji chao mtandao unaukuta juu ya kichuguu. Nikamuuliza, "Faidha, ndani ya begi kuna dawa kweli?" Akanijibu, "Kuna chai, mlafi we."

Akaanza kunywa maji. Alimaliza jagi lake, akamwomba Julia lake, kisha akanyoosha mkono akachukua langu bila kuomba. Nilikasirika, sifichi. Tuko kwenye nyumba ya watu, mwenye nyumba ametueleza habari ya maji kwa heshima, na mtu mzima anakunywa hivyo! Alfajiri nilipoamka kuoga nikaikuta ndoo yetu imebaki robo, na kikombe kinaelea ndani. Nilitoka uani na maneno yangu tayari mdomoni. Nikamkuta Faidha ameegemea ukuta wa choo, anatapika maji matupu.

Maneno yale sijui yalikwenda wapi. Nilimshika paji la uso. Midomo ilikuwa imekauka inapasuka, na pumzi yake ilinuka harufu tamu ya ajabu, ya mabibo yaliyolala juani. Anahema kwa nguvu utadhani ndiyo kwanza amemaliza kuupanda mlima.

"Yuster," alisema. "Ile ya jana haikuwa utani."

Akaniambia palepale, ameshika kifua cha gauni langu ili asianguke. Sukari. Sindano. Chupa ya chai. Ya jioni imempita na ya asubuhi inampita. Nilimuuliza kwa nini hakusema jana, mbele za watu wote, na jibu lake lilikuwa dogo. "Nilisema. Mkacheka."

Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nilimwita Julia kwa sauti iliyoamsha kijiji. Muuguzi wa zahanati, dada mwema aliyekuja na kanda mbili miguuni bila kuvaa hata sare, alimpima kwa kidole, akatazama kile kimashine, akakitikisa, akapima tena. Akasema dawa hii haikai zahanati ndogo, na mgonjwa huyu si wa kungoja. Apelekwe hospitali Newala sasa hivi.

Hapo Faidha akaleta ubishi. Anataka lifuatwe begi, si yeye apelekwe. Kwa Uwesu ni karibu zaidi kuliko Newala, akasema, atajichoma na mambo yataisha, nani aende hospitali kulazwa na kuitwa mgonjwa? Nikamwambia kama Uwesu ameamkia Tandahimba je? Kama chupa ameiacha juani? Kama amemwaga kile alichokiona ni maji? Yeye anabisha na huku macho yanamfumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu niliamua mimi. Julia akapanda bodaboda kwenda kwa Uwesu, na mimi nikapanda nyingine na Faidha kwenda Newala, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Nilimfunga kwangu kwa khanga mbili kama mtoto wa mgongoni, ila mtoto mwenyewe alikuwa kifuani.

Barabara ile ina mchanga. Pikipiki inayumba, nami nausikia moyo wake ukinipiga kwenye mikono, haraka haraka. Kichwa chake kilianguka begani kwangu. Nikawa namsemesha ovyo. Nikamuuliza bei ya unga wa mchele, nikamuuliza Nurdini anaoa lini. Alijibu mara moja, halafu akaacha kujibu. Nilisali sala zote ninazozijua, nikazichanganya, nikajikuta nasoma matangazo ya Jumapili iliyopita. Niliogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa hata nilipojifungua.

Nyuma yetu honi ikaanza kulia. Nikageuka, nikaona pikipiki inakuja kasi, mtu ameinama, anapunga mkono. Njia ile haina watu asubuhi. Mimi, na mawazo yangu ya kila siku, nikajua ni vibaka. Nikamwambia dereva, "Ongeza mwendo! Ongeza!" Naye kijana wa watu akaongeza. Yule wa nyuma akaongeza. Tuliruka mashimo, tukakwaruzwa na matawi ya mikorosho, honi inalia haikatiki, na mimi nampiga dereva mgongoni asipunguze. Mpaka upepo uliponiletea sauti.

"Ntani! Ntani wangu! Simameni jamani, anakufa!"

Nilitazama tena. Mkono ule uliokuwa ukipunga ulikuwa umeshika begi.

Uwesu aliiacha pikipiki ianguke yenyewe, injini inaunguruma. Alikuwa analia, mwanaume mzima, kamasi mpaka kwenye ndevu. Alieleza huku anahema kwamba asubuhi alifungua begi atie mawe na boga bovu, ndivyo mtani anavyorudisha, akaifungua na chupa ili aionje chai. Mama yake mzazi alikuwa wa sindano hizohizo mpaka alipofariki. Alipoviona vichupa alivijua. Amefika kwa Regina akaambiwa tumeshaondoka. Yeye na Julia wamepishana njiani bila kutambuana. Na sisi, alisema, tunamkimbia!

Tulimlaza Faidha chini ya mkorosho. Alifumbua macho, akaitazama chupa, akataja kipimo kwa sauti ya chini. Akajaribu kuvuta dawa mwenyewe, vidole vikashindwa, Uwesu akamvutia, akamwonyesha, yeye akaitikia kwa kichwa. Kisha Uwesu akatugeuzia mgongo kwa heshima, na dereva naye. Sindano ikabaki mkononi mwangu. Mimi ni mtu wa kuzimia nikiona kuku anachinjwa. Nilifunua khanga, nikaona tumbo la rafiki yangu limejaa alama ndogo ndogo, nyingi, za miaka, za milango iliyofungwa. Nikachoma.

Hatukungoja, tulimpakia tena tukaenda. Hospitalini walimpokea, wakamtundikia dripu, wakasema tumewahi. Julia alifika baadaye amejaa vumbi, akakaa chini sakafuni wodini akalia kwa ajili ya kicheko chake cha jana.

Faidha alipona haraka, mwili uliitika. Lakini kitu kingine kilianza, na mimi niliyekuwa nimekaa pale kitandani nilikiona kinavyokuja. Uwesu alikuja kila siku na dumu la maji kutoka kijijini, akalikokota mpaka wodini. Alipofika kitandani alikunja magoti. "Shikamoo Mama. Mama Nurdini umeamkaje?" Uwesu, aliyemtukana mbele ya masheikh! Faidha akasema marahaba kwa sauti ambayo sikuijua. Julia naye akawa anaongea kwa kunong'ona, anamkunjia shuka, anamficha Faidha chai yake ya sukari anapoinywa. Regina akatuma uji usio na sukari na salamu za pole. Kila mtu alikuwa mwema, na kila wema ukimfikia Faidha alizidi kusinyaa, akawa anatazama ukuta.

Siku ya kuruhusiwa nilimwuliza tena, kwa upole safari hii, kwa nini alituficha.

"Unamkumbuka dada yangu Maryam?" alisema. "Alikuwa mcheshi kuliko mimi. Walipojua ana sukari, harusini sinia lilipitishwa juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemnyang'anya kitu tena. Hakuna aliyemtukana. Mtani akimkuta anamuuliza, umekula dawa? Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Yuster, na watu walikuwa wameshamzika. Mgonjwa hataniwi."

Nilimfungia begi lake.

Tulitaka kurudi Masasi moja kwa moja, Julia alishaulizia gari. Faidha akasema amekuja kuona Shimo la Mungu na ataliona. Uwesu akatupeleka, akabeba begi la Faidha kwa mikono miwili mbele yake kana kwamba amebeba mayai. Tukafika ukingoni. Pale nchi inakatika ghafla, chini kabisa bonde la Ruvuma limetandaza misitu yake mpaka Msumbiji, na upepo unakupiga kifuani. Julia alitoa simu apige picha ya Trevor. "Mama Faidha, usisogee sana," alisema. "Kaa hapa kwenye jiwe, upumzike. Usichoke."

"Mama, nikutandikie koti?" Uwesu akauliza.

Faidha akakaa. Akavua ndala zake kwa sababu miguu ilikuwa imevimba tangu wodini, akazipanga vizuri kando ya jiwe, akaweka mikono mapajani. Alikaa hivyo, mpole, macho hayatazami bonde wala nini. Nikakumbuka koti la baba yangu, na mama akiomba maji.

Sijui nilipata wapi. Magoti yangu hayakuniuliza. Niliinama nikachukua ndala moja ya kushoto, nikakimbia.

Nilikimbia kuelekea ukingoni, Julia akapiga ukelele, Uwesu akaita jina la Mungu. Nikasimama nikainyoosha ndala juu ya Shimo. "Haya, Myao!" nilisema, na sauti yangu ilikatika kwa woga, sijawahi kufanya hivi. "Njoo uifuate! Au mpaka tukuletee soda na paja la kuku?"

Nilidhani nimekosea vibaya. Faidha alinitazama, mdomo wazi, kwa muda ambao ulitosha mimi kujuta mara tatu. Kisha akaivaa ndala iliyobaki, akainuka kutoka kwenye lile jiwe, mguu mmoja na ndala, mwingine bila.

"Mwizi!" alipaza sauti. "Jamani Mmakua ananiibia! Mla panya wewe, padri wako anajua kama una mkono mrefu? Rudisha ndala yangu, mwanamke mwenye uso wa matangazo!"

Alinifuata akichechemea, anatukana ukoo wangu wote kuanzia kwa babu, na machozi yanamtoka anacheka. Uwesu alitutazama kwanza kama aliyepigwa na kitu. Halafu akaliweka lile begi chini, akalirudia, akalivaa mgongoni. "Na mimi hili sirudishi," alisema. "Jogoo wangu yuko wapi?"

"Nikifa kaburi langu usiliguse!" Faidha akamjibu bila kugeuka.

Aliponifikia alinishika mkono, tukawa tunahema wote wawili. Akaniuliza ndala ataikomboa kwa kitu gani. Nikamwambia sitaki jogoo wala soda. Nataka ile chai aliyotunyima. Kila jioni tukiwa pamoja, ajichome sindano mbele yangu, mlango wazi, na mimi nikiwepo nimshikie chupa. "Ghali," akasema.

"Basi naiachia."

"Ngoja, ngoja, mchawi we."

Jioni ile, gesti ya Newala, mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi na Julia anapitapita na soksi zake mbichi. Faidha alikaa kitandani, akafunua khanga, akanikabidhi chupa ya chai. "Tazama vizuri, mla panya," alisema. "Na ukizimia, mimi soda sileti."